Wanasesere Walioagwa Kabla ya Safari

Bi Chizuru Negishi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Iwatsuki, Japani, na tangu nimjue vidole vyake ni vyeupe. Ni unga wa magamba ya chaza. Anausaga, anauchanganya na gundi ya moto, anapaka kichwa cha mwanasesere, anakiacha kikauke, anapaka tena, mpaka kichwa king'ae kama yai lililomenywa. Hapo ndipo huchora macho. Kazi hiyo alifundishwa na baba mkwe wake, na mumewe alipofariki akabaki nayo peke yake, yeye na redio.

Zamani mtoto wa kike akizaliwa, bibi yake alimnunulia wanasesere wa mfalme na malkia wa kupanga kwenye ngazi nyekundu kila mwezi wa tatu. Siku hizi watu wanaishi kwenye vyumba vya ghorofani, hizo ngazi wataziweka wapi? Na watoto wenyewe wanawataka wasichana wa katuni wenye macho kama visahani. Kwa kukosa wateja, Bi Chizuru akawa anakaa wiki nzima na kichwa kimoja.

Ndipo akaja Orie, binti wa Tokyo mwenye nywele za zambarau, ambaye sanaa yake huwekwa kwenye makumbusho. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti, akasema anataka wanasesere wa kale kabisa, hariri na nywele na kila kitu, ila nyuso ziwe za wasichana wa katuni.

"Mwanangu, umepotea njia," Bi Chizuru akamwambia. "Duka la midoli liko kule kituoni."

"Kule ni plastiki, mama. Mimi nataka nyeupe yako."

"Mkono wangu umezoea jicho jembamba kama punje ya mchele."

"Basi uzoee jicho la ukubwa wa yai la kware."

Bi Chizuru alicheka mpaka akafuta machozi, na anayemchekesha Bi Chizuru hanyimwi kitu.

Aliazima vitabu vya katuni kwa mjukuu wangu, akawa anavichungulia kwa miwani yake ya kazi. Alikuja kuniambia kwamba yale macho si ya kipuuzi kama alivyodhani. Ndani ya weusi wa jicho kuna nukta moja nyeupe, na nukta hiyo isipokaa mahali pake, msichana mzima anakuwa maiti. Orie alimwahidi pia kwamba jina lake litaandikwa ukutani kwenye maonyesho. Sisi wengine tutaliona jambo dogo, lakini katika kazi hii mchora nyuso haandikwi popote. Jina huwa la duka.

Mavazi aliyashona Mzee Nagase, aliyefanya naye kazi tangu ujana wao. Siku alipoleta hariri ya mwisho alisimama akawatazama.

"Chizuru, hawa ni wanasesere au vyura?"

"Ni vyura waliovaa nguo zako."

Alipoondoka Mzee Nagase, Bi Chizuru akaja kwangu na chai yake mkononi. "Dada, hivi kweli hawa ni wanasesere? Au nimeichezea kazi ya baba mkwe wangu?" Nilimwambia sijui, ila nitamwombea kwa Budha. Ndivyo nilivyofanya kila asubuhi.

Mvua za vuli mwaka ule hazikukatika, na ile nyeupe haipendi unyevu. Kwa hiyo Bi Chizuru aliomba awahifadhi wanasesere wake kwenye chumba cha nyuma cha hekalu letu, ambacho ni kikavu, mpaka gari la makumbusho lije Jumatatu. Mtawa wetu, Ryoken, akasema "weka tu" akaendelea kufagia. Bi Chizuru akawafunika nyuso kwa karatasi laini nyeupe, kama wachora nyuso wote wanavyofanya rangi isichubuke, akawapanga kwenye boksi, akaenda zake.

Jumapili ile ilikuwa siku ya kuwaaga wanasesere. Watu huja na wale waliochakaa, au wale ambao mwenyewe amefariki, mtawa anawasomea na kuwashukuru, halafu wanachomwa kwa heshima uani. Na wanaowaleta huwafunika nyuso kwa karatasi nyeupe, maana ni vigumu kuagana na anayekutazama. Wengine huona haya, wakaacha boksi kimya kimya na kuondoka. Basi kina mama wa hekalu walipolikuta boksi lile chumba cha nyuma, walifanya kama mwaka wowote: wakawafunua nyuso ili waisikie sala, wakawapanga kwenye rafu pamoja na wengine. Macho makubwa hayakumshangaza mtu. Siku hizi nusu ya wanaoletwa ni wa katuni, na roboti, na dubu.

Bi Chizuru alikuja mchana na utepe wa kufungia boksi. Alilikuta tupu. Huko uani moto ulikuwa umeshawaka muda mrefu.

Alinijia akiwa bado ameshika utepe. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Dada, wamekwenda." Nilimshika mkono, tukaenda kwa Kikue, mke wa muuza tofu, ambaye ndiye aliyekuwa akibeba wanasesere kutoka rafuni mpaka motoni.

"Kikue, umewabeba wasichana wenye hariri, wenye macho makubwa?"

Kikue akatua kapu lake. "Wale? Wale nimeshindwa nao, shoga. Kila nikinyoosha mkono wananitazama kama ninaiba. Nikasema nianze na dubu kwanza. Dubu wameisha, nikachukua roboti. Nimewazunguka wale tangu asubuhi, mgongo wenyewe umeniuma."

Tulikwenda upande wa rafu ya mwisho. Kumbe hata kuuliza hatukuhitaji sana, maana mbele yao palijaa. Watu waliopita kusali walikuwa wameweka mandazi ya mchele, machungwa madogo, peremende, mpaka pakiti ya maziwa. Kwa wengine waliweka udi tu wakapita. Mama mmoja tusiyemjua alikuwa bado amepiga magoti pale, akimwambia yule wa nguo nyekundu asante kwa kumlea mtoto, kama aambiwavyo mwanasesere anayeagwa.

Bi Chizuru aliketi chini sakafuni. Aliwatazama wote, akashusha pumzi moja ndefu, akasema, "Basi ni wanasesere."

Lakini alipowakusanya akakumbuka jambo, uso ukabadilika tena. Wameshasomewa. Roho zao zimeshaagwa. Atawapelekaje makumbusho?

Mtawa Ryoken akakuna kichwa chake kilichonyolewa. "Ni kosa langu, niliambiwa nikasahau. Sasa ni wastaafu, na kazi hata hawajaianza." Akafikiri. "Sanamu mpya ya Budha tunaifungua macho kwa brashi, ndipo roho iingie. Una brashi?"

Bi Chizuru bila brashi ungemwona lini? Ilikuwa kwenye nywele zake, ameitumia kushikiza kishungi. Mtawa akakaa kusoma, na yeye akawachukua mmoja mmoja, na katika kila jicho, chini ya nukta nyeupe ya kwanza, akaongeza ya pili, ndogo kama ncha ya sindano. Kikue na mimi tulishika taa, na tulipomaliza tukala yale mandazi, kwa ruhusa ya wenyewe.

Jumatatu Orie alikuja na gari, akafunua karatasi ya kwanza, akainama karibu.

"Mama, umewafanya nini?"

"Wamepitia mambo kidogo."

"Wanaonekana kama mtu aliyelia sana, halafu akapewa habari njema."

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema Bi Chizuru, akaingia ndani kulala, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya asubuhi.

Tulikwenda kuwaona Tokyo mwezi uliofuata, Mzee Nagase akiwa amevaa koti lake la harusi. Jina la Bi Chizuru lilikuwa ukutani, na la Mzee Nagase pia kwa chini. Mzee alilalamika kwamba maandishi ni madogo. Akasogea, akasoma. Akasogea tena, akasoma kwa sauti, mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma ya mstari.