Kiboko Aliyekuwa Tembo

Nilipokuwa na miaka tisa nilimchukia kiboko ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Baba yangu ni mchonga vinyago, mtu wa Kusini aliyekuja Dar es Salaam akiwa kijana na tezo lake begani, na mwaka huo alipewa kazi Mikocheni na bwana mmoja aliyekuwa anafungua bustani ya watoto kuchezea. Kulikuwa na gogo kubwa la mvule limelala humo humo kiwanjani. Bwana akataka lichongwe mnyama ambaye watoto wangempanda mgongoni.

Kwa miezi mitatu baba alikuwa anarudi nyumbani kwetu Buguruni na unga wa mbao kwenye nyusi, na sisi watoto watatu tunamzunguka kutaka habari. Alituahidi kwamba Idi ikifika, sisi ndio tutakuwa watoto wa kwanza kumpanda huyo mnyama. Idi Mosi tukala pilau, tukalala tumevimba matumbo kwa raha. Idi Pili tulivaa nguo zetu mpya tangu alfajiri, mimi gauni la njano lenye mikono ya puto, tukakaa barazani tumenyooka ili tusijikunje. Baba akatoka chumbani, akatutazama mmoja mmoja, akasema bustani imefungwa.

Shule zilipofunguliwa, msichana mmoja wa darasani kwetu, aliyekuwa na mjomba mwenye gari, akasimulia jinsi alivyompanda kiboko Mikocheni siku ile ile ya Idi Pili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Nikamuuliza baba, naye, mtu mpole ambaye hata kuku alikuwa anawafukuza kwa kuwaomba, akanifokea. Mwaka uliofuata kaka zangu wakauliza, nao wakafokewa. Tukaacha kuuliza. Mimi niliacha kuuliza tu, kununa sikuacha. Nilijiambia kwamba baba alitumia mikono yake kuwafurahisha watoto wa watu, akatuona sisi hatufai kufika hapo. Nimelibeba hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, na wanaonifahamu hawatashangaa.

Sasa baba amepita sabini na anaishi nami Chamazi. Presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli tu. Anajua mlango ulipo kwa sababu ni mweupe, na anajua mtu amepita kwa sababu kumeingia giza kidogo. Mwezi wa sita mwaka huu aliamua kurudi Kusini kukaa na dada yake, akisema anataka kuzeekea mahali ambapo hata kipofu hapotei. Wiki ya mwisho nilimuuliza kuna kitu gani anakitaka kabla ya safari. Nilidhani ataomba pweza.

"Nipeleke Mikocheni," alisema, "nikamshike yule kiboko."

Nilikuwa nimeshika upawa. Nakiri bila aibu kwamba jibu lililonijia mdomoni ni kwamba bustani imefungwa. Nililimeza, nikampakulia wali, nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Tulikwenda Jumamosi, likizo ikiwa imeanza, kwa gari la kukodi: mimi, baba, binti yangu wa miaka saba na mdogo wake wa miaka minne. Watoto wangu nilikuwa nimewatembeza kwenye mabwawa, ufukweni na kwenye bembea za kila namna, lakini pale sikuwahi kuwapeleka, kwa ukaidi wangu tu. Kwa hiyo geti lilipofunguliwa niliingia kama mgeni, nikiwa nimekaza uso kwa kujiandaa kutopendezwa.

Sikuweza. Kwetu Chamazi watoto wanacheza kati ya ukuta na ukuta, na bodaboda ikipita wanaukumbatia ukuta. Hapa kulikuwa na nyasi mpaka macho yanachoka, na miarobaini mirefu na mikungu iliyotandaza matawi kama miavuli ya harusini. Chini yake kulikuwa na watoto wengi kuliko niliowahi kuwaona pamoja nje ya shule, wamechorwa nyuso za chui na za paka, wanakimbia bila kuambiwa simama. Mzee mmoja wa kanzu na ndevu nyeupe alishuka kwenye mtelezo na mjukuu mapajani, akafika chini, akakusanya kanzu yake, akapanda tena ngazi. Wanawake watatu wenye madera walikuwa wanaruka kwenye wavu wa kurukia, wameshikana mikono, mmoja ana viatu vyake kifuani. Hakuna aliyekuwa anawacheka. Nilisimama mdomo wazi, na sikujua hata nasikitika au nafurahi. Mahali pazuri kiasi hiki palikuwa katika mji huu huu, na mimi nilipanunia.

"Mke wangu," baba alimwambia binti yangu, maana ndivyo anavyomwita, kwa utani wa babu na mjukuu, "niambie ninaona nini."

Binti yangu akamshika mkono akaanza kumwonyesha kwa mdomo: treni ndogo hii hapa, babu, inapiga honi ya kweli, yule kaka anauza lambalamba, pale kuna nyumba ya kupuliza, imeinama, itaanguka, haijaanguka. Mdogo wake alikuwa keshavua viatu. Tulipita hivyo taratibu mpaka mwisho wa bustani, kwenye mkwaju, na binti akasimama katikati ya sentensi.

Nilikuwa nimetegemea kitu kidogo kilichooza. Katika hasira zangu zote sikuwahi kumpa ukubwa. Kiboko alikuwa mkubwa kama bajaji, amelala kana kwamba ametoka majini sasa hivi, shingo ina mikunjo, masikio madogo yamesimama kama yamesikia jambo. Mdomo ulikuwa wazi na ndani yake walikaa watoto wawili wadogo wakila biskuti. Wengine wanne walikuwa mgongoni, na foleni nyuma yao. Alikuwa amepakwa rangi ya bluu ya kung'aa, jambo ambalo baba angelia kuliona, ila mgongoni na puani rangi ilikuwa imekwisha kabisa na mbao imetokeza, ya kahawia, laini kama mpini wa jembe la siku nyingi. Kitu hicho kilitoka kwenye mikono ya mtu ambaye mimi ninampimia dawa za macho. Nilipigwa na butwaa. Nilimtazama baba yangu kama ninatambulishwa kwake.

"Tumefika," nikamwambia.

Hakusogea. Akaniambia huyo kiboko kwanza alikuwa tembo.

Hapo, kwa sauti ndogo, watoto wakipiga kelele pande zote, alinisimulia. Bwana wa bustani aliagiza tembo. Baba alichonga hadi kwenye mkonga, akakuta moyo wa gogo umeoza upande huo, mkonga ukakatika. Hilo kwa wachongaji si aibu. Mti ukikataa mnyama mmoja unautafutia mwingine, na swala wengi wanaouzwa mjini walianza kama twiga, wakafa shingo. Akakata sehemu ya kichwa iliyooza, akazungusha pua, akamwambia bwana kwamba kiboko anafaa zaidi kwa kuwa mtoto akianguka anaanguka karibu. Bwana akakubali.

Lakini siku mbili kabla ya Idi, kiboko akiwa amekwisha, ufa ulifunguka nyuma ya bega la kushoto. Wachongaji wa kwao wana sharti moja ambalo hawalichezei: kinyago ni gogo moja, mwili mmoja, hakiungwi kwa msumari wala gundi. Anayeunga anaitwa fundi kabati mbele ya wenzake, na jina hilo halimtoki. Mti ukipasuka, mchongaji anasema umepasuka, anaanza upya. Baba hakusema. Kadi za mwaliko zilishatoka. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akaziba ufa, akapiga msasa, na hakuna aliyeona.

"Sikujua ufa unakwenda wapi," alisema. "Ungeweza kulala pale, ungeweza kumpasua katikati siku yoyote, mtoto yuko juu. Asubuhi ya Idi Pili nikawaona mmekaa barazani na nguo zenu. Ningewapandishaje nyie, na mie najua?"

Nilisikia damu ikinipanda. Miaka yote hiyo nilidhani alitunyima kitu kizuri. Nikamuuliza, na sikumuuliza kwa upole, vipi kuhusu watoto wa watu wengine.

"Ndiyo hiyo, mama," alijibu. Baba zetu wanatuita mama wanapotaka kutuambia jambo zito. "Ndiyo hiyo iliyonikalia kifuani. Kila sikukuu nilikuwaga nangoja mtu aje aniambie mtoto ameumia Mikocheni. Na sikuja kutazama, kwa woga."

Nilikuwa bado na hasira, na ndani ya hasira hiyo nilikuwa namwonea huruma.

Dada mmoja mhudumu, aliyekuwa anasimamia foleni, akaja kutuuliza kama mzee anaumwa. Nikamweleza kwamba huyu ndiye aliyemchonga kiboko na ameomba kumshika. Dada alimtazama baba, akamtazama kiboko, kisha akawageukia watoto akawashusha wote, akawaambia wamsalimie babu. Zikaja shikamoo nyingi kwa mpigo mmoja. Baba akaitika marahaba, akanyoosha mikono, nami nikampeleka mpaka vidole vikagusa pua.

Aliguna alipokutana na rangi. Kisha viganja vikafika kwenye mbao tupu, vikasimama. Akapapasa mbele, akarudi, akapapasa kwa mgongo wa mkono, namna wachongaji wanavyopima ulaini kwa sababu jicho linadanganya.

"Nani amepiga msasa hapa?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna aliyepiga, hapo ndipo watoto wanapokaa na kushika. Akasema yeye alisugua wiki nzima na hakuweza kufika hapo.

Halafu akazunguka upande wa kushoto na kupiga magoti. Vidole vyake vilikwenda bila kutafuta. Gundi yake ilikuwa imedondoka zamani sana, ufa ulikuwa wazi, na watoto walikuwa wameufanya kabati: ndani mlikuwa na vijiti vya lambalamba, shanga ya nywele, mrija uliokunjwa na nusu ya biskuti. Alivitoa kimoja kimoja akamkabidhi binti yangu, ambaye alivipokea kwa heshima kubwa. Akatia kidole ndani, akaufuata ufa mpaka ulipoishia. Akaweka kidole gumba mwanzo wake, akanyoosha mkono, kidole kidogo kikafika mwisho. Shubiri moja. Akapima tena, safari hii kwa mkono mwingine.

"Siku ile ulikuwa shubiri moja," alisema.

"Na sasa?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeona.

"Shubiri moja. Haujasogea." Akaliweka paji lake la uso kwenye ubavu wa bluu wa kiboko. Mabega yake yalikuwa yanacheza, na sikuweza kujua kama ni kicheko. Mimi nililia wazi wazi, mbele ya wauza soda na kila mtu. Jua na mvua za miaka yote hiyo, na watoto kwa maelfu, na mti ule ulishikilia kitu ambacho aliyeuchonga hakuamini kwamba utakishikilia. Sijui maneno ya kulieleza jambo kama hilo. Najua tu kwamba mikono ilinisisimka.

Baba akaniita, bado amepiga magoti.

"Panda," alisema.

Nikamkumbusha kwamba mimi ni mama wa watoto wawili, kwamba kilo zangu si za mchezo, kwamba kuna watu. Akasema anajua kilo zangu, ndiyo maana. Akaweka kiganja chote juu ya ufa na kuinamisha kichwa, kama wanavyofanya wakigonga gogo na kusikiliza.

Nikavua viatu. Nikakusanya dera langu mkono mmoja, nikashika sikio la kiboko kwa mkono mwingine, mwanangu wa miaka minne akanisukuma kwa nyuma kwa nguvu zake zote, nikapanda. Mbao ilikuwa na joto la wale walioshuka. Kutoka juu niliona bustani yote, mzee wa kanzu akipanda ngazi kwa mara nyingine, na chini yangu kisogo cha baba yangu kisicho na nywele, kimetulia, kinasikiliza.

Foleni ilikuwa imejipanga upya. Mtoto wa mbele, mwenye uso wa chui, alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake, kisha akaniambia kwa adabu kwamba zamu yangu imekwisha.

"Mwache kidogo, mwanangu," baba alimjibu, mkono wake ukiwa bado kwenye ufa. "Huyu alipanga foleni kabla yako."

Nikaendelea kukaa.