Siku Kitasa Kilipomnasa Bi Tena

Jina la Bi Tena alibandikwa na watoto aliowafundisha piano. Ukimaliza kupiga piano kwake, hata ungepiga mpaka kuku wa jirani wakaacha kudonoa wakusikilize, ungeambiwa neno moja tu: "Tena!" Yeye mwenyewe hakuwa amegusa kibonyezo cha piano tangu alipougua. Vidole viwili vya kushoto vililala, havikuamka, na aliyejua ni mdogo wake peke yake. Wazazi wangepata habari, wangewahamisha watoto, na kazi yenyewe ndiyo hiyo hiyo moja.

Mdogo wake ndiye aliyemsukuma aende kwenye mkutano wa walimu wa piano.

"Nenda, dada. Huonekani siku hizi, watasema umekufa."

"Waseme. Maiti haombwi kupiga."

"Utakaa nyuma, utakunywa chai, utarudi."

Akakaa nyuma. Walimu walijaa ukumbini hata ukikohoa, jirani anakwambia umekohoa nje ya mpigo. Chai hakuiona. Mwenyekiti wao, mwanamke wa nyonga pana aliyejifunza kwa Bi Tena enzi hana meno ya mbele, akashika kipaza sauti: "Leo hakuna mtazamaji! Kila mmoja atapiga kidogo. Tuanzie safu ya nyuma!"

Bi Tena akainuka. Akajipenyeza kati ya magoti ya watu, "samahani mwanangu, samahani baba, choo kinaniita," akaingia, akajifungia. Kitasa kikalia *ka!* na kishikio kikabaki mkononi mwake.

Kwanza akafurahi. Nani atamtafuta humu? Kisha akakumbuka kwamba hata nyumbani hatafika. Dirisha lilikuwa dogo, paka angeingiza kichwa akajuta. Joto likapanda, kuta zikaanza kusogea. Nasema zilisogea, nyinyi hamkuwemo!

Akagonga. Ko, ko-ko. Ko, ko-ko.

Piano ikanyamaza. Nyayo zikaja mlangoni.

"Unasikia? Mpigo wa pili anaukimbiza," sauti ya kiume ikasema.

"Wa tatu ndio anaumeza," ya kike ikajibu.

"Nifungulieni!"

"Hesabu kwa sauti, mama."

Akagonga kwa hasira, mlango ukatikisika.

"Afadhali sasa," yule mwanamume akasema. "Tena!"

Neno likamshuka mgongoni kama maji ya baridi. Kumbe ndivyo watoto walivyolisikia miaka yote!

"Hebu nyamazeni," mwenyekiti akasema. "Mkono huo naujua, ulinigongea kifuniko cha piano utoto wangu wote. Mwalimu, ni wewe?"

"Ni mimi. Niache humu humu."

"Kuna nini?"

Bi Tena akasogeza mdomo kwenye tundu la ufunguo. "Vidole. Viwili vya kushoto vimekufa. Ukinipandisha pale, wakaona, sina tena mwanafunzi."

Bisibisi ikaletwa, mlango ukafunguka. Ukumbi mzima ulikuwa umejipanga kwenye korido, na walimu wa piano, jamani, wana masikio. Njia iliyobaki wazi ilielekea kwenye piano tu.

Mwenyekiti akambana kwenye benchi. "Mkono wa kulia wako, wa kushoto nipe mimi."

Wakapiga. Wakamaliza. Bi Tena akajaribu kuinuka. Nyonga ya mwenyekiti haikusogea.

"Umekimbiza, Mwalimu," akanong'ona. "Tena."

Kesho yake mwanafunzi wa kwanza alipoingia na mama yake, Bi Tena alikuwa ameshakaa upande wa kulia wa benchi.

"Mama, kaa usikie, nina la kukwambia," akasema. "Na wewe, njoo hapa. Kushoto kwangu."