Stovu Iliyoitwa

Kwetu Iringa mkwe unampigia magoti, unamwamkia, anaitikia, mambo yamekwisha. Mimi niliolewa na Mnyakyusa, tukakaa Ilomba nje kidogo ya mji wa Mbeya, na huko nikaambiwa kwamba baba wa mume wangu sitakiwi kumwona, wala yeye kuniona, wala kusemeshana. Nikisikia kikohozi chake natakiwa kujifunika kanga na kugeukia ukuta. Nimesoma hadi darasa la kumi, nimejibu maswali ya wakaguzi wa shule kwa Kiingereza, lakini kwa kikohozi cha mzee yule nilikuwa nageuka kama mlango uliopigwa na upepo.

Ningevumilia. Tatizo lilikuwa stovu.

Mzee alinunua stovu ya mafuta ya taa, ile ya pampu, kwenye duka moja pale Mbeya, ya shaba, yenye miguu mitatu. Baridi ya Juni ilimpa sababu, lakini ukweli ni kwamba aliipenda kama watu wanavyopenda fahali. Aliiweka juu ya sanduku chumbani kwake, ng'ambo ya ua, akawa anajichemshia chai mwenyewe. Ikiwaka ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema maneno yakaeleweka, akaacha uji wangu. Kila asubuhi alikuwa kwa babu yake, amechuchumaa mbele ya ule moto.

Jumapili moja mwinjilisti akamaliza kutangaza ndoa, akasoma karatasi iliyotoka dukani. Stovu zote za shaba za miguu mitatu zilizouzwa baada ya Pasaka, akasema, zinaitwa.

Aliyetafsiri neno lile kutoka Kiingereza angestahili kusimamishwa mbele ya darasa. Kwetu sisi anayeitwa ni marehemu. Ameitwa na Bwana. Watu wakacheka hadi mwinjilisti naye akacheka. Baba mkwe, niliambiwa baadaye, aliuliza imeitwaje nayo bado changa.

Mimi sikucheka. Kesho yake nilikwenda dukani nikauliza. Mwenye duka akanieleza bila kuficha kwamba kuitwa maana yake zirudishwe dukani: tangi lililehemewa vibaya, mafuta yanavuja kwenye mshono, na mama mmoja wa Makongolosi ameungua mikono yote miwili. Ukirudisha ya zamani unapewa nyingine, basi.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama mkwe, maana yeye ndiye njia yangu ya kumfikia mzee. Nilimwambia maneno haya haya: itawalipukia usoni, yeye na mtoto. Nikasimama nyuma ya ukuta nimsikie akifikisha. Akamwambia mumewe kwamba mkwe anasalimia, na anadhani labda stovu ina kasoro kidogo.

"Aliyeiita na aje aichukue," mzee akasema. "Yenyewe haina masikio."

Nikamrudisha mama mkwe mara ya pili. Safari hii kasoro kidogo ikawa kasoro ndogo sana. Mama yule hakuwa na ubaya. Alikuwa na adabu, na adabu yake ilikuwa inataka kuniulia mtoto. Nikamkataza binti yangu kwenda kule, nikamfunga mgongoni. Akalia hadi majirani wakaja kuuliza mtoto ananyimwa nini. Ananyimwa babu, mama mkwe akawajibu, na wote wakanitazama mimi.

Mwishowe nikasimama chini ya dirisha la mzee, nikamsemesha mbuzi aliyefungwa pale. Hilo linaruhusiwa. Nikamwambia mbuzi kwamba kuna watu wazima wenye mvi wanaocheza na moto kama watoto wasio na wazazi. Mzee naye akamjibu mbuzi kutoka ndani. Akamwambia kwamba huko Iringa wasichana wanasomeshwa sana, mpaka wanaogopa chai.

Alikuwa na maneno, siwezi kumnyima hilo.

Asubuhi moja nilikuwa napepeta mahindi, nikageuka, mtoto hayupo. Kisha nikamsikia ng'ambo ya ua akihesabu: moja, mbili, tatu, tano. Alikuwa anapiga pampu.

Nilijitupia kanga kichwani nikavuka ua. Mlangoni nikakumbuka mila, nikageuka, nikaingia kinyumenyume. Nilipapasa nyuma yangu, nikashika kona ya kitanda, nikashika kitu ambacho natumaini kilikuwa blanketi, kisha nikashika mkono wa mtoto.

"Baba," nikasema kwa ukuta, "toka nje."

Ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia. Nikasikia kiti kikianguka, na mzee akapita ubavuni mwangu amejigubika blanketi hadi utosini, akajigonga kwenye mwimo. Nikamsukuma mtoto amfuate. Nikageuka, nikalegeza skurubu ya kutolea upepo kwenye tangi, upepo ukatoka kwa kelele, moto ukafa. Kisha ndipo nikafunua uso nikatazama. Mshono wote ulikuwa umelowa mafuta, na sanduku chini yake lilikuwa limelowa pia.

Niliibeba kichwani hadi mjini, bado ina joto, nikarudi na nyingine. Mzee akatoa hukumu kwamba kitu kilichopanda kichwani kwa mkwe yeye hawezi kukigusa. Basi stovu mpya ikabaki jikoni kwangu, naye akarudi kwenye kuni na moshi wake. Mume wangu, aliyekuwa anaendesha lori la mbao kutoka Mafinga, alirudi akacheka hadi akakaa chini. Nilimwacha acheke peke yake, bila chakula.

Kwa kosa la kuingia chumbani kwa mkwe nilitakiwa kupika kuku. Nikapika, mama mkwe akampelekea. Alirudi na bakuli tupu.

"Mzee anasema chumvi imezidi," akaniambia. "Na anasema ulichelewa kuingia."

Nikamtuma amwambie kwamba mlango wake ni mwembamba kwa anayeingia kinyumenyume. Sijui alimfikishiaje.