Kifundo Chini ya Sikio la Gunia

Pale kinuni walimwita Mama Sindano, maana kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia ya unga. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mshono wake ulikwenda kinyume na wa wenzake, nao wakamtania kwamba anashona akirudi nyuma. Mwisho wa uzi aliuficha chini ya sikio la gunia, ile ncha ya pembeni, kwa kifundo ambacho ukikivuta mshono wote hufunguka. Hilo aliombwa na mumewe, dereva wa lori la kinu, aliyechoka kuona wenye maduka wakikata magunia kwa kisu, wakimwaga unga, kisha wakimlaumu yeye.

Asubuhi ya safari yake ya mwisho, dereva alisema gunia moja kati ya aliyopakia ni la nyumbani, bosi ameshakubali, jioni angelishusha. Hakurudi. Lori lilisimamishwa barabarani na watu wanaojiita Watetezi wa Wanyonge, na dereva akapigwa risasi akiwa bado ameshika usukani. Kinu kikafungwa, kwani nani tena angekubali kuendesha? Mama Sindano akabaki na watoto na mama mkwe asiyeona vizuri, wakiishi kwa uji mwepesi ambao hata kuuita uji ni kuupendelea.

Haukupita muda, Watetezi wakaingia mjini. Wanyonge wenyewe hawakuulizwa kama wanataka kutetewa. Siku hizi hilo haliulizwi. Ikatangazwa kwamba wajane waje uwanjani wapewe unga. Mama Sindano hakutaka kwenda. Lakini mtoto wake mdogo alikuwa ameacha hata kulia njaa, analala tu, na jambo hilo lilimtisha kuliko bunduki. Akavaa viatu, akaenda.

Msemaji wao, kijana mwenye kipaza sauti na sauti nzuri, alieleza kwa kirefu jinsi walivyoyaacha makwao kwa ajili ya wajane na yatima. Mama Sindano alikuwa mbele kabisa ya foleni. Kijana akasimamisha gunia moja ili watu waone unga ulivyo mweupe, akachomoa kisu.

“Usikate, mwanangu,” Mama Sindano alijikuta akisema, kwa mazoea tu. Akaingiza kidole chini ya sikio la gunia, akavuta, na uzi wote ukatoka.

Kijana akacheka. “Umejuaje, mama?”

Angeweza kusema amebahatisha. Ila alikuwa amechoka, amechoka hadi na woga wenyewe.

“Nimelishona mimi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akilipeleka.”

Waliokuwa nyuma yake wakajisogeza kando. Kijana akamtazama, akalitazama gunia, akageuka kulitazama lori walilokuja nalo, ambalo kila mtu pale alijua lilikuwa la nani. Kisha akainua kipaza sauti, na sauti yake ikarudi kuwa nzuri vilevile.

“Mama huyu ni mjane,” alitangaza. “Mpeni mawili.”

Watu wakapiga makofi, maana walikuwa wanatazamwa. Mama Sindano alijitwika lile lililofunguliwa, ameliziba mdomo kwa mkono. La pili alimwachia mjane aliyemfuata. Hakufanya hivyo kwa kiburi, ni mgongo tu uliokataa.

Nyumbani alipika uji mzito. Watoto wakanywa bila kuinua macho, hata yule mdogo. Mama mkwe akapapasa bakuli lake, akanywa polepole, akatulia. Halafu akauliza huu unga nani kauleta, na kama ni wale watu, basi pengine nao wana utu kidogo.

Mama Sindano alikuwa anazungusha ule uzi kidoleni. Hakuwa na nguvu ya kueleza habari za uwanjani.

“Ni wa mwanao, mama,” alisema. “Ule aliosema atauleta jioni.”