Chatu wa Shangazi Milembe

Gunia la katani likilowa mvua hutoa harufu yake peke yake: udongo kidogo, kamba mbichi, na kitu kama nyasi zilizoanza kuoza. Wiki iliyopita, pale stendi ya Buzuruga, mvua ilitushika ghafla, nikajibanza kwenye kibaraza cha duka pamoja na mama mmoja aliyekuwa na gunia la viazi vitamu. Gunia likaanza kunuka. Bila kukusudia nikajikuta nimeushika mkono wangu wa kushoto, pale chini ya kiwiko. Nawaambieni ninyi, maana mume wangu nikimweleza hucheka: kwangu mimi, hiyo ni harufu ya nyoka.

Shangazi yangu Milembe, dada mkubwa wa baba, alikuwa mcheza ngoma. Aliishi Igoma, nyumba tatu kutoka kwetu, chini ya kilima cha mawe, na alifuga chatu. Kwetu Usukumani kucheza na nyoka si jambo la ajabu. Yapo makundi yanayocheza nao kwenye sherehe za mavuno, na watu hutoka mbali kwenda kutazama. La ajabu lilikuwa kwamba nyoka wa shangazi alikuwa na tabia ya kumuuma mwenyewe.

Aliitwa Nyanzala, jina ambalo Wasukuma humpa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa njaa, na kweli hakuwahi kushiba. Alikuwa mrefu kupita kitanda changu, na madoa yake ya kahawia yalikaa kana kwamba kuna mtu aliyeketi akayachora kwa subira. Alilala ndani ya gunia, gunia ndani ya sanduku la mbao, sebuleni chini ya dirisha lililovuja. Mikono ya shangazi, tangu kiganjani hadi kwenye kiwiko, ilikuwa na vidoti vilivyofuatana kama mishono ya cherehani. Wanawake bombani walimuuliza, "Milembe, mnyama gani huyo, unamlisha na bado anakuuma?" Naye, huku akijitwika ndoo, aliwajibu, "Na ninyi mbona mna waume?"

Shangazi hakujaliwa mtoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kila nikitoka shule nilipitia kwake kabla ya kufika kwetu. Ndiye aliyenifundisha kumshika Nyanzala. Chatu hana sumu, alisema, ila ana meno mengi, membamba kama sindano, na yote yameelekea nyuma, kooni. "Akikushika usivute. Ukivuta unajichana mwenyewe. Sukuma mkono uende mdomoni kwake, ataachia. Wewe si Msukuma? Basi sukuma." Tulicheka hadi machozi.

Masharti mengine hayakuwa na mzaha. Usimjie kwa juu kama mwewe. Usimguse siku ambazo macho yake yameingia ukungu, maana yuko karibu kujivua gamba na haoni vizuri. Na lililo kubwa kuliko yote: nawa mikono kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. "Yeye hamjui Minza," aliniambia. "Anajua harufu. Ukinuka kuku, wewe ni kuku."

Baba hakumpenda Nyanzala. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mzee wa kanisa, mtu mwema lakini mkali. Fimbo yake ilikaa juu ya mlango, na watoto wote wa nyumba ile tuliujua urefu wake. Alimheshimu dada yake, ila siku moja alimwambia mbele yetu, "Dada, siku huyo mdudu akimuuma mtoto wangu, ataondoka."

Shangazi akafikiri kidogo. "Akimuuma mtoto aliyefuata masharti," alisema, "nitamwondoa mwenyewe."

Wakakubaliana hivyo.

Jumamosi moja mama alikuwa anajiandaa kupokea wageni wa kanisani, nami nikapewa kazi ya kunyonyoa kuku wanne. Nilikuwa bado nimeinama kwenye beseni la maji ya moto walipokuja wasichana wawili tuliosoma darasa moja. Kwa wiki nzima nilikuwa nimewatambia kwamba mimi humvaa chatu shingoni kama mtandio. Walikuwa wamekuja kuona, na mmoja akasema wazi kwamba hawatakaa sana. Nikaifuta mikono kwenye sketi, tukatoka mbio.

Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika dagaa. Sikumwita. Niliwasimamisha wenzangu mlangoni, nikafungua sanduku, nikaukunjua mdomo wa gunia, nikaingiza mkono.

Sikuona chochote. Nilisikia kishindo kidogo, kama mtu amenipiga kofi, kisha mkono wangu ukawa mzito. Nyanzala alikuwa ameushika chini ya kiwiko, na tayari alikuwa amejizungusha mara mbili, akibana polepole, bila hasira yoyote. Wasichana walipiga kelele wakakimbia. Nami nikasahau yote niliyofundishwa, nikavuta.

Kovu nililonalo ni la kuvuta kule.

Shangazi aliingia akiwa na magamba ya dagaa mikononi. Hakupiga kelele. Aliniketisha sakafuni, akapiga magoti nyuma yangu, akauweka mkono wake juu ya wangu. "Tulia, mama. Pumua. Sasa sukuma, nami nasukuma." Tukasukuma pamoja kuelekea mdomo ule. Nyanzala akalegea, akaachia, akarudi kwenye gunia lake taratibu kama mtu aliyeona aibu.

Baba alifika na panga. Alikuwa ameitwa na wale wasichana. Aliutazama mkono wangu, ambao shangazi alikuwa ameuosha na kuufunga kitenge, kisha akauliza swali moja tu. Hakuniuliza mimi.

"Mtoto alinawa?"

Niliinamisha kichwa. Nilijua jibu, na nilijua ilikokuwa fimbo. Nilijua pia, na hili ndilo gumu kulisema, kwamba neno langu moja lingemwokoa Nyanzala. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Alinawa," shangazi akasema. "Nilimwona mwenyewe. Nyoka ndiye ameharibika."

Baba akashusha panga. "Basi umesikia maneno yako mwenyewe, dada."

"Nimeyasikia. Usimkate tu. Kesho nitamwondoa."

Nakumbuka nafuu iliyonipata, kama maji baridi mgongoni. Nikadhani shangazi amechanganya siku, amekumbuka nilivyonawa Ijumaa. Nikamhurumia kidogo kwa kusahau kwake.

Asubuhi, baada ya baba kunipeleka zahanati kuchomwa sindano, shangazi aliomba nimsindikize. Tulikwenda kwa pikipiki hadi ufukweni, mbali na nyumba za watu, mahali ambapo mawe makubwa yanaingia ziwani na matete yamefunga. Mvua ya usiku ilikuwa imelilowesha gunia na lilinuka hadi puani. Shangazi akalilaza chini, akalifungua. Nyanzala hakutoka. Alipoingiza mkono kumsaidia, akamuuma.

Shangazi akasukuma, kama kawaida yake. Akacheka, kisha kicheko kikageuka, akakaa juu ya jiwe akilia na kitambaa cha kichwa mdomoni, damu ikimtiririka kiganjani. Nyanzala alipita karibu na miguu yetu akaingia kwenye matete. Nilitazama pembeni.

Shangazi hakucheza tena ngoma. Kundi lilipata mtu mwingine na chatu mwingine. Yeye akabaki na dagaa wake, na wanawake bombani hawakuwa na la kumtania. Mimi sikusema neno kwa miaka ishirini na miwili.

Siku hizi anaishi nasi hapa Mkolani. Baada ya mvua ile ya Buzuruga nilimkuta sebuleni, anachambua mchele. "Shikamoo shangazi," nikasema, naye akaitikia bila kuinua macho. Nikaketi karibu yake.

"Siku ile sikunawa," nikamwambia.

Hakuuliza siku gani. "Minza," akasema, "ulikuwa na unyoya wa kuku kwenye nyusi. Nilikuondolea kabla baba yako hajafika."

Nikazigusa nyusi zangu. "Sasa kwa nini hukusema? Alikuwa nyoka wako. Ilikuwa kazi yako."

Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje ya mlango. "Nyanzala alikuwa na ziwa zima la kwenda. Wewe hukuwa na pa kwenda ila kwa baba yako na fimbo yake."

Miaka yote nilidhani mzigo wangu ni kwamba nilimwacha mtu mzima aliyeniamini adanganyike. Kumbe hakuwa amedanganyika hata kwa dakika moja. Alitutazama wawili tuliomuuma, akachagua atakayebaki naye, na hakunidai shukrani wala toba. Nilipokuwa mtoto niliona mtu aliyesahau. Nilihitaji kuwa na watoto wangu ndipo nimwone vizuri, na hata hivyo ilibidi yeye aniambie.