Mama mukwe, chauffage na maji ya kijani

Leo kidogo nipike mama mukwe wangu mu gari.

Tulitoka Butembo asubui, ninamupeleka Beni. Yeye nyuma, kimya. Munajua kwetu: mama mukwe hasemeshe mukwe ovyo, anapitia kwa mutu mwingine.

Katikati ya njia, sindano ya joto ikapanda mu rouge, ile alama nyekundu.

Kusimama mu ile pori, na usalama huu wetu? Jamais.

Nikapunguza mwendo, nikafungulia chauffage, ile ya kupasha joto ndani ya gari, mpaka mwisho, juu itoe joto ku motere. Mu kioo naona mama anapanguza jasho na kitenge. Hata neno moja!

Tukafika Beu, mutaa wa Beni, kwa fundi. Tukangoja motere ipoe, njo akafungua radiateur: ile maji ya kijani ya kupoza motere karibu yote imeisha. Durite, ule mupira wa maji, imepasuka. Akaweka ingine, akajaza.

Mama akageukia ukuta, akaambia fundi: "Umwambie mukwe wangu, ile maji ya kijani niliiona chini ya gari tangu juzi. Mais ningepitia kwa nani?"

Ba mukwe bengine, mama mukwe wenu ananyamazia nini?