Nilipata sifuri kidato cha nne kwa kuchana kurasa, alizeti ya mama ikanirudisha kwenye mtihani

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika langu, na sitaongeza chumvi. Sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo.

Mimi ni binti wa Sepuka, hapa Singida. Kwa sasa naishi Mandewa kwa mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani.

Tangu shule ya msingi nilikuwa na matatizo mawili ambayo sikujua majina yake.

La kwanza, akili yangu haikai. Mwalimu anaanza kueleza usanisinuru, mimi nahesabu misumari kwenye bati. Nikirudi, ubao umeshafutwa. Kalamu nilipoteza mpaka mama akanifungia moja shingoni kwa kamba, kidato cha pili, mtu mzima.

La pili ni hofu. Nikikosea herufi moja kwenye daftari, kifua kinabana na mikono inalowa jasho. Dawa niliyojitungia ilikuwa kuchana ukurasa na kuanza upya. Daftari la kurasa mia lilikuwa linabaki na kurasa kumi na tano, safi, za kupendeza, na hakuna kitu ndani.

Walimu walisema mvivu. Baba alisema najidekeza. Kanisani niliombewa, na sisemi vibaya, walinipenda.

Mtihani wa taifa ukafika. Kijitabu cha majibu hakichanwi wakuu. Kwenye Historia niliandika utangulizi, nikaufuta. Nikauandika tena, nikaufuta. Muda ulipoisha nilikuwa na swali moja na nusu, mwandiko mzuri kama kadi ya harusi.

Division zero.

Sitaki kuwahurumisha, ila miezi ile sikuwa sawa. Sikuoga, sikutoka ndani. Mama mdogo ndiye aliyenipeleka hospitali kwa daktari wa afya ya akili.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Unapenda kusoma?"

"Napenda sana."

"Unakaa na kitabu muda gani?"

"Siku nzima. Ukurasa mmoja."

Hakucheka. Alinihoji kwa muda mrefu, akanipangia kurudi mara kadhaa. Mwishowe akaniambia nina ADHD, yaani hali ya akili kushindwa kutulia, na juu yake kuna anxiety, ile hofu iliyopitiliza. Akanianzishia matibabu. Nililia kwa furaha, jambo la ajabu kidogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba uvivu haumo.

Nikaamua kurudia mtihani kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea. Nataka uuguzi, na bila Biolojia na Kemia mlango haufunguki. Nilikuwa na vitabu vya kuazima, past papers na simu ya mama mdogo.

Nikaanza. Nikachana. Nikaanza tena.

Mwezi wa sita tukaenda Sepuka kumsaidia mama kupiga alizeti. Kwa wasiojua: vichwa vikikauka unavimwaga kwenye turubai, unavipiga kwa fimbo mpaka mbegu zitoke, halafu unapepeta kwenye upepo makapi yaondoke.

Mimi nikachukua kichwa kimoja, nikakaa pembeni, nikawa natoa mbegu kwa vidole na kuondoa kila kapi. Baada ya nusu saa nilikuwa na bakuli dogo. Safi kabisa.

Mama akasimamisha fimbo. "We mwanangu, unapiga alizeti au unaisuka nywele?"

"Mwache dada," mama mdogo akadakia. "Mafuta yake tutapikia harusi ya vitukuu."

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Mama akanipa fimbo. "Piga. Makapi yaache humo humo. Rundo hili likiisha, pumzika, uje la pili. Kupepeta ni jioni, upepo ukija."

Alikuwa anasema alizeti tu. Lakini mimi nilisimama pale na fimbo nikijiona mjinga, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nasoma maisha yangu yote. Napiga na kupepeta kwa wakati mmoja, mbegu moja moja.

Niliporudi Mandewa nikaanza kusoma kwa marundo. Dakika ishirini kwa alarm, naandika bila kufuta, hata kama ni uchafu. Ikilia nanyanyuka, nachota maji au nafagia. Kisha rundo la pili. Kusahihisha ni jioni tu, kwa mstari mmoja juu ya kosa.

Msidhani ilinyooka. Mwezi wa nane nilishikwa na hofu, nikachana daftari zima la Biolojia. Nikakaa chini katikati ya makaratasi.

Mama mdogo hakunigombeza. Aliokota karatasi, akazipanga kwa namba za kurasa, akazipitisha kwenye cherehani. Mshono mweusi ulipita katikati ya neno mitosisi.

"Chana tena," akasema, "nitashona tena. Kazi yangu ni hii hii."

Sikuchana tena. Lile daftari lilikuwa baya kiasi kwamba hapakuwa na cha kuharibu, na ndilo nililolisoma mpaka mwisho.

Novemba nikaingia chumba cha mtihani. Biolojia, swali la kwanza, sentensi ya pili nikakosea. Kifua kikabana, mkono ukasogea kwenye karatasi wenyewe. Nikapitisha mstari mmoja, nikaendelea. Nilijibu maswali yote. Dakika kumi za mwisho ndipo nikapepeta.

Matokeo: Historia C, Kiswahili C, Biolojia D. Kemia bado F.

Ndiyo, chuo bado. Nimeshajisajili tena kwa Kemia, na hospitali naendelea kuhudhuria.

Nilichojifunza ni kwamba kazi yenye makosa niliyoimaliza imenifikisha mbali kuliko ile safi niliyoichana. Na kama una mtoto unayemwita mvivu, muulize kwanza kama anapenda kusoma, halafu nyamaza usikilize.

Waliosoma Kemia kama PC na akili isiyotulia, nipeni mbinu zenu. Wenye kunikosoa pia karibuni, nitasoma zote.

Uzi huu nimeuandika kwa marundo manne. Kuna sentensi tatu hapo juu zinaniwasha nizifute.

Naziacha.